Yah: Amri ya Kufukia Kisima Changu cha Maji ya Mvua

Theodora Anselmo (Mama Happiness),
Mtaa wa Juu,
Mji Mdogo wa Namikunda,
Barabara ya Newala kwenda Masasi.

Kwa: Ofisi ya Mhandisi,
Mji Mdogo wa Namikunda.

Ndugu Ofisi,

Marahaba. Najua sijasalimiwa, lakini atakayeifungua barua hii ni mdogo kwangu kwa umri, na kwa malezi aliyopewa na mama yake lazima shikamoo imemtoka hata kama ni moyoni. Nimeitikia mapema ili tuingie kwenye shughuli.

Jambo lenyewe limetajwa hapo juu. Ninaiandikia Ofisi na simwandikii mtu, na sababu ninayo. Anayekaa kwenye kiti cha Ofisi ni Mhandisi Kelvin, mume wa mwanangu Happiness, yaani mkwe wangu. Kwetu huku juu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja hujipenyeza kwenye mihogo mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, wala si ugomvi. Ubaya wake ni mmoja tu: waliotuachia heshima hiyo walisahau kutuachia njia ya kumwambia mkwe kwamba amekosea. Ofisi haina mama mkwe. Kwa hiyo nasema na Ofisi, na kama Mhandisi atasikia akiwa hapo karibu, ni bahati yake.

Jumatatu iliyopita Mhandisi wako alifika nyumbani kwangu na kizibao chake cha kung'aa, futi ya kamba na vijana wa kazi. Alikuwa na notisi, na sheria inasema notisi asomewe mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja ni mimi, nami nilikuwa mlangoni pa jiko. Maskini ya Mungu, kijana alihangaika. Mwisho akanipa mgongo, akamwelekea mbuzi wangu, akamsomea mbuzi notisi yote kuanzia kichwa cha habari mpaka muhuri. Mbuzi alisikiliza vizuri kuliko wajumbe wengi ninaowajua, na alipomaliza kusomewa akala pembe ya karatasi.

Nilichosikia kwa nyuma ni kwamba, kwa mujibu wa Viwango vipya vya Uendelezaji wa Viwanja, kisima changu kifukiwe kwa kifusi kabla ya mvua za kwanza. Wakakichora alama ya X nyekundu juu ya mfuniko na kuondoka. Kwa faida ya jalada, maana majalada hayachoti maji, kisima hicho si chemchemi. Ni shimo refu lililosakafiwa kwa saruji, linalokinga mvua itokayo kwenye bati la nyumba yangu. Huku juu hatuna mto. Maji ya bomba yanapandishwa kutoka bondeni na huja yanapojisikia, kama mgeni wa mjini. Mwenye kisima cha mvua anaishi, na asiye nacho anaishi kwa jirani.

Baada ya maelezo hayo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kuhusu maji. Viwango vinasema mvua ikinyesha kwenye kiwanja itoke haraka iwezekanavyo na kuingia kwenye mfereji wa Serikali. Ili nisije nikawa mkaidi, vijana wameng'oa gata lililokuwa likipeleka maji kisimani, na wamechimba mfereji unaotoka juu kabisa ya mtaa, ukapita ubavuni mwa kisima changu, ukaenda zake mpaka kwenye ukingo wa mteremko. Hapo maji yanaporomoka kwenda bonde la Ruvuma. Yakishafika huko, sisi tunashuka na madumu kuyafuata. Nimejaribu kuielewa safari hiyo nimeshindwa. Ofisi inaiita usimamizi wa maji ya mvua. Mimi bati hili nimeezeka mwenyewe, na kinachoangukia juu yake ni changu. Mtu akikichukua bila hodi, mtaani kwetu ana jina lake, na si mhandisi.

2. Kuhusu mwinamo wa uwanja. Viwango vinataka ardhi iiname kutoka ukutani kwenda nje. Vijana wamekwangua uwanja wangu ukainama. Sasa chungu nikikiinjika kwenye mafiga matatu, maharage yote yanakwenda upande mmoja, na upande wa pili yanapikika maji matupu. Jirani yangu Bi Hamida alikuja kuomba chumvi, akakaa kwenye kigoda tuongee kidogo. Kigoda kilikuwa kikiteleza pole pole, na kabla hatujamaliza kumsengenya tuliyekuwa tukimsengenya, Bi Hamida alikuwa ameshafika barabarani, karibu na nyumba ya mhusika. Ilibidi tubadilishe habari.

3. Kuhusu mmomonyoko. Kifungu kinasema ni marufuku kuacha udongo wazi, na kwamba kufagia uwanja kila siku kunaondoa tabaka la juu. Ofisi, mimi nimefagia uwanja tangu sijaota meno ya utu uzima. Wakwe zangu waliponichunguza kama nafaa kuolewa hawakuniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi, walitazama michirizi ya fagio. Leo naambiwa kwamba muda wote huo nilikuwa nikiuhamisha uwanda wa Makonde kidogo kidogo. Kama ni kweli, basi Ruvuma yote imejaa kazi ya mikono ya wanawake, na ningependa tushukuriwe kwanza kabla ya kukatazwa.

Badala ya kufagia, natakiwa nipande ukoka uwanja mzima, niumwagilie asubuhi na jioni mpaka ushike. Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Nifukie kisima, niyafukuze maji mpaka Ruvuma, halafu nimwagilie nyasi. Hata mbuzi alipofikishiwa habari hii aliacha kutafuna.

4. Kuhusu theluji. Kifungu cha tisa kinanitaka nitenge eneo la kurundikia theluji itakayokwanguliwa njiani. Sipendi kuuliza kitabu hiki kilinakiliwa kutoka nchi gani, maana tumefundishwa kutochungulia sahani ya mtu. Mimi ni raia mtiifu. Eneo nimelitenga, liko nyuma ya banda la mbuzi. Theluji ikifika nitaiarifu Ofisi.

5. Kuhusu taa. Viwango vinaagiza kila kiwanja kilicho kando ya barabara kiwe na taa ya nje inayoangaza chini, isimchome mpita njia machoni. Yangu imesimikwa kwenye kona, penye vichaka. Ofisi huenda haijui, kwa kuwa Mhandisi wako kazaliwa mbali, kwamba vichaka vile ndipo lipiko anapojiandaa jioni, wakati wa kuwatoa wari unyagoni. Lipiko ni yule anayecheza na kinyago kichwani, na sisi wanawake hatujui ni nani yumo ndani. Hatujui. Tumekuwa hatujui tangu enzi za bibi zetu, na kutojua huko ni kazi, kunahitaji bidii ya mtaa mzima.

Msimu uliopita taa ya Serikali ilimulika chini, sawasawa na Viwango. Kinyago kikabaki gizani, miguu ikawa mchana. Miguu hiyo ilikuwa imevaa ndala za bluu, moja ikiwa imeshonwa kwa waya. Ndala kama hizo nimeziona mahali fulani, kwenye kila mkutano wa mtaa, chini ya meza kuu. Wanawake wote tulitazama angani. Mwenye ndala ameshanunua nyingine, na sasa tunajitahidi kutozijua na hizo mpya. Naomba taa ifundishwe adabu, au mtu asiyejulikana apewe buti.

Hata hivyo nisiwe mnyimi wa shukrani. Taa hiyo huvuta kumbikumbi wengi sana mvua zinapoanza. Nimewakaanga na ni watamu. Hilo silalamikii.

6. Kuhusu kuanza na mimi. Mtaa huu una visima vya mvua vingi, na notisi imeletwa kwangu tu. Sababu naijua. Mhandisi ni mgeni kazini, watu wanamtazama. Akiniruka mimi, watasema anapendelea ukweni. Kwa hiyo amenitanguliza mimi kafara ili aonekane mwadilifu. Na ni mwadilifu kweli, ndiyo maana tulipokea posa yake bila kumzungusha. Ila mwadilifu asiye na maji naye ananuka kama wenzake.

Hapa naiomba Ofisi iniache niseme bila mzaha. Kabla ya Happiness nilibeba mimba nyingine. Ulikuwa mwaka wa ukame, maji yalikuwa bondeni tu, nami nilishuka na kupanda mteremko ule na ndoo kichwani kama wenzangu wote. Siku moja ndoo ilifika juu, mimba haikufika. Marehemu mume wangu, Anselmo, asubuhi yake alichukua jembe akaanza kuchimba karibu na ukuta wa nyumba. Alichimba kiangazi chote, akasakafia mwenyewe, na mvua ilipokuja tulikaa kizingitini tukiisikiliza inavyoingia. Happiness aliogeshwa kwa maji ya kisima kile siku alipoletwa duniani. Notisi ya Ofisi inakiita "shimo lisiloidhinishwa". Niliumia kusikia hivyo, na bado naumia.

7. Kuhusu mjukuu. Happiness ana mimba ya kwanza na siku zake zimekaribia. Kwa desturi yetu uzazi wa kwanza ni kwa mama. Atajifungulia hospitali ya Ndanda, halafu ataletwa kwangu amalize arobaini. Kila mwanamke aliyewahi kukaa na mzazi anajua maana yake: maji ya moto ya kumkanda asubuhi na jioni, maji ya kuogesha mtoto, maji ya nepi, maji ya uji, na maji ya wageni wanaokuja kusema mtoto hakufanana na upande wetu. Mtoto huyo ni wa Mhandisi. Amri ya kumnyima maji nayo ni ya Mhandisi. Nilimuuliza Happiness kama mumewe amelifikiria hilo, akajibu, "Mama, kazini kwake hawamruhusu kufikiri, wanamruhusu kupima." Kisha akalia, na mimi sina dawa ya kilio cha mwenye mimba.

Kwa hiyo nimekaa nikafuata hesabu za Ofisi yenyewe. Kwa Viwango, mvua yote ni ya mfereji. Mfereji ni wa Ofisi. Basi maji yote ya mtaa huu ni ya Ofisi. Na kwetu, mwenye maji ndiye anayelea mzazi. Hivyo napenda kuitaarifu Ofisi kwamba Happiness, mtoto na mimi tutafanyia arobaini hapo hapo ofisini. Nyuma ya jengo lenu kuna tangi kubwa jeusi linalokinga maji ya bati la Ofisi. Silitaji kwa ubaya, nalitaja kama anwani.

Mahitaji yetu si makubwa. Mzazi atalala chumba cha ramani, meza ile pana inatosha, nitaleta godoro. Mafiga matatu yatakaa chini ya dirisha, mahali ambapo sakafu yenu haijainamishwa. Kamba ya kuanikia nepi itatoka dirisha la Mhandisi mpaka dirisha la Mhasibu. Wanawake wa mtaa watakuja na kuku na vigelegele, na kungwi atakuja na mambo yake, ambayo yanataka mlango ufungwe na watumishi wote wa kiume watoke nje. Kwa upande wa Mhandisi mwenyewe, kwa kuwa nitakuwa chumba kimoja naye, itampasa afanye kazi akiwa ameelekea ukutani arobaini nzima, na kutoka na kuingia kwa dirishani ili tusigongane mlangoni. Akitaka kunisomea notisi nyingine, nitamleta mbuzi.

Iwapo Ofisi itaona mpango huu una usumbufu, upo mwingine ulio rahisi zaidi. Ifute ile X, irudishe gata langu, na ikiache kisima cha Anselmo kama alivyokiacha.

Nikifunga, nawasalimu wote hapo: mpiga chapa, mlinzi wa getini, dereva, na yule kijana aliyechora X, mwambieni mkono wake ni mzuri, akaandike mabango. Wasalimieni na wa kule Masasi mlikokwenda semina ya Viwango. Huku wazima wote. Mbuzi pia anawasalimu, notisi haikumdhuru tumbo.

Mimi wenu katika ukame na utiifu,

Theodora Anselmo

Nakala kwa: Mzee Sultani, Mwenyekiti wa Mtaa (ambaye hahusiki kabisa na aya ya tano).

Tanbihi. Barua nilikuwa nimeshaifunga, namsubiri wa kuipeleka, mvua ikaiwahi. Imenibidi niifungue tena.

Ilianza alasiri, kubwa kweli. Happiness alikuwa amefika jana yake, amejinyoosha chumbani. Kifusi chenu kilikuwa bado hakijaja, lakini gata halikuwepo, kwa hiyo nilisimama mlangoni pa jiko nikiangalia maji ya bati langu yanavyokimbilia mfereji wenu na kwenda zake. Kisima kilikuwa kikavu kiasi cha kumsikia panzi akirukaruka ndani. Nilijikuta nalia, mtu mzima.

Ndipo akaja mtu. Alikuja kutoka barabarani kinyumenyume, mgongo umeelekea jiko, kizibao kinang'aa, viatu vimejaa tope. Hakupiga hodi. Alipapasa ukutani kwa nyuma akaliokota jembe langu, hivyo hivyo bila kugeuka, akaenda kwenye mfereji, akaupasua ubavu mahali unapopita karibu na kisima. Ni wazi hajawahi kulima, alikuwa akijipiga matope usoni. Happiness alichungulia dirishani akamwita jina lake, mtu akaendelea kuchimba. Mwanangu akacheka mpaka akashika tumbo, nami sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya notisi. Mtu alipomaliza alichukua kiganja cha mchanga akaisugua ile X mpaka ikabaki doa, akaegesha jembe mahali pake, akaondoka. Kwa kuwa alikuwa akienda, safari hii alitembea kimbele.

Sasa maji yote ya mtaa wa juu, ya bati la Bi Hamida, ya bati la Mzee Sultani, na nadhani hata yale yanayofurika kutoka tangi la Ofisi, yameingia kwangu. Mchanga wake utatulia. Kisima kimejaa mpaka shingoni, jambo ambalo halijatokea tangu Anselmo afariki.

Kwa sababu hiyo naomba kufuta malalamiko yote. Viwango ni vizuri. Mfereji ni mzuri, na naomba urefushwe kwa upande wa juu, ufike hata sokoni. Uwanja uendelee kuinama, maana umesaidia. Aya ya kwanza ilikuwa na makosa: nimefikiri upya nikaona kwamba mvua si ya mwenye bati, mvua ni ya Mungu, naye anajua anakoipeleka. Bi Hamida hajaielewa hoja hii. Asubuhi alikuja na karatasi, akitaka nimsaidie kuandika malalamiko kwa Ofisi kuhusu mtu anayemchukulia maji ya bati lake, kwa kuwa amesikia nina mkono mzuri wa barua. Nimemwandikia. Ikifika, isomeni kwa makini, kisha muiweke chini ya nyingine.

Limebaki moja. Nasikia Ofisi inamtafuta aliyeharibu mfereji wa Serikali, na kwamba akipatikana atapoteza kazi. Shahidi aliyekuwepo ni mimi peke yangu, na niko tayari kuitwa popote niape. Nilimwona mwanamume, nikasikia mwanangu akimwita jina la mumewe, na kwa kuwa nimelelewa vizuri, papo hapo nikageukia ukutani. Sura sikuiona.